Nyumba ya mkutano isigeuzwe ngome

Tarehe 27 Oktoba 2018, siku ya Sabato, mtu mwenye bunduki aliingia katika sinagogi la Tree of Life mjini Pittsburgh, Marekani, akawaua waumini 11. Jengo hilo lilikuwa likitumiwa na jumuiya tatu za Kiyahudi, kila moja na ibada yake. Mapema mwaka 2024 sehemu kubwa ya jengo ilibomolewa, na mwezi wa Juni mwaka uo huo ujenzi mpya ukazinduliwa rasmi. Aliyekabidhiwa mchoro ni Daniel Libeskind, msanifu wa majengo aliyezaliwa nchini Poland mwaka 1946 na wazazi walionusurika mauaji ya halaiki ya Wayahudi. Mpango wake hauishii kwenye ukumbi wa sala. Una mahali pa kuwakumbuka waliouawa, jumba la makumbusho na kituo cha elimu.

Swali linalozuka ni hili: jamii iliyovamiwa ndani ya nyumba yake ya ibada yafaa ijenge nyumba ya namna gani? Je, ijenge kuta nene zenye lango moja na mlinzi, au nyumba ambayo jirani, mwanafunzi na mpita njia wanaweza kuingia bila kuogopwa wala kuogopa? Swali hili haliulizwi Pittsburgh pekee. Limeulizwa Ujerumani kwa muda mrefu, na sisi tunaopekuliwa mifuko kwenye milango ya makanisa yetu siku za Jumapili hatuwezi kudai kuwa halituhusu.

Wako wanaoshikilia kuwa sinagogi ni mahali pa sala tu, na kwamba kuliongezea madarasa, ukumbi wa karamu na mkahawa ni kulishusha hadhi. Wako pia wanaosema kuwa katika nyakati hizi za hatari, kuwaalika watu wengi ni kujitakia balaa. Hoja zote mbili zina uzito. Hata hivyo, historia ya nyumba hii na mifano ya majengo ya miaka ya karibuni inaonyesha kwamba sinagogi lililo kituo cha jamii si uzushi wa kisasa. Ndivyo lilivyokuwa tangu asili, na ndivyo linavyopaswa kujengwa leo, mradi wasanifu wajue ni nini cha kutenganisha na ni nini cha kuunganisha.

Tuanze na jina lenyewe. Neno sinagogi limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kukusanyika. Kwa Kiebrania huitwa nyumba ya mkutano. Nyumba hiyo pia huwa nyumba ya masomo na nyumba ya sala. Kwa hiyo, anayedhani kuwa sala ndiyo kazi pekee ya sinagogi ameshika moja kati ya tatu.

Ushahidi wa jambo hili umechongwa kwenye jiwe. Katika uchimbuzi uliofanywa Yerusalemu mwaka 1913 na 1914, kulipatikana jiwe lenye maandishi ya Kiyunani ambalo wataalamu wengi wanasema ni la kabla ya Hekalu kuharibiwa mwaka 70. Limemtaja kuhani mmoja, Theodotos, aliyekuwa mkuu wa sinagogi kama baba yake na babu yake. Jiwe linaeleza kuwa alijenga sinagogi kwa ajili ya kusoma Torati na kufundisha amri, pamoja na vyumba vya wageni na mahali pa maji kwa wasafiri waliotoka nchi za mbali na kuhitaji malazi. La kustaajabisha ni kwamba sala haikutajwa katika maandishi hayo. Yametajwa masomo, malazi na maji. Mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi wake maana ya kituo cha jamii hana haja ya kwenda mbali kuliko hapo.

Talmud, ule mkusanyiko mkubwa wa sheria na mijadala ya marabi, inakumbuka desturi hiyo. Inasimulia kwamba wageni walikula, wakanywa na kulala katika sinagogi, na kwamba ndiyo sababu baraka ya kikombe cha divai husomwa humo jioni ya kuingia Sabato. Lakini Talmud hiyo hiyo inakataza kula na kunywa ndani ya sinagogi, na inakataza mtu kuingia humo kwa sababu tu ya kukimbia jua au mvua. Je, huu si mgongano? Wafasiri waliusuluhisha kwa kueleza kuwa wageni walikaa katika vyumba vilivyoungana na ukumbi wa sala, si katika ukumbi wenyewe.

Suluhisho hilo la wafasiri ndilo kiini cha usanifu tunaouzungumzia. Karamu na sala zinaweza kuishi chini ya paa moja, lakini haziwezi kuishi katika chumba kimoja. Kila kizazi cha wasanifu kilichosahau jambo hili kimelipa gharama yake.

Tuchukue mfano wa Marekani. Mwanzoni mwa karne ya 20, Rabi Mordecai Kaplan aliona kwamba watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi mjini New York walikuwa wakiziacha sinagogi za wazazi wao. Kwa maoni yake, Uyahudi haukuwa dini pekee. Ulikuwa ustaarabu mzima wenye lugha, muziki, chakula, elimu na michezo. Basi nyumba yake ilipaswa kubeba yote hayo. Akaongoza kuanzishwa kwa The Jewish Center katika mtaa wa West 86 mjini humo, mnamo miaka ya 1917 na 1918. Jengo lilikuwa na ukumbi wa sala, madarasa, ukumbi wa mazoezi ya viungo na bwawa la kuogelea. Waliomdhihaki walisema ni sinagogi lenye bwawa, na wakauliza kama vijana waliokwenda kuogelea walipata hata siku moja kupanda ngazi kwenda kusali.

Dhihaka hiyo haikuwa ya bure. Kituo cha jamii kinaweza kuimeza ibada. Lakini waliocheka hawakutoa jawabu la tatizo ambalo Kaplan aliliona: kijana asiyeingia nyumba ya ibada kwa sababu yoyote hatasali humo pia. Aliyekuja kuogelea yumo ndani ya nyumba. Asiyekuja kabisa amepotea.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Wayahudi wengi wa Marekani walihamia vitongoji vya nje ya miji, na masinagogi mapya yakajengwa kwa wingi. Percival Goodman, msanifu aliyebuni zaidi ya masinagogi 50, alikabiliwa na hesabu ngumu ambayo kila kamati ya ujenzi inaijua. Siku za kawaida waumini ni wachache. Ikifika Mwaka Mpya wa Kiyahudi na Siku ya Upatanisho, wote huja, hata wale ambao hawajaonekana mwaka mzima. Ukijenga ukumbi wa kuwatosha wote, utabaki mtupu miezi 11. Ukijenga wa kuwatosha wachache, siku kuu watu watasimama uani.

Jawabu la wasanifu wa wakati huo lilikuwa kuta za kukunjwa. Ukumbi wa sala ulipakana na ukumbi wa jamii, na siku kuu zilipowadia ukuta wa katikati ulikunjwa, kumbi mbili zikawa moja. Mkristo wa Kenya aliyeshuhudia mkesha wa Krismasi atalielewa jambo hili mara moja. Ni busara ya matumizi ya fedha, na haifai kubezwa. Kasoro yake ni kwamba siku za kawaida ukuta wa kukunjwa huvujisha sauti: huku watu wanasoma Torati, kule viti vinaburutwa. Tena mwumini aliyeketi nyuma kabisa siku ya Upatanisho hujikuta akisali mahali ambapo jana yake palikuwa na karamu ya harusi.

Kwa maoni yangu, jawabu lililo bora zaidi limetoka mahali ambapo hakuna aliyelitazamia, yaani Ujerumani. Katika mji wa Dresden, kando ya mto Elbe, palikuwa na sinagogi lililobuniwa na msanifu mashuhuri Gottfried Semper na kufunguliwa mwaka 1840. Usiku wa tarehe 9 Novemba 1938, Wanazi walilichoma moto kama walivyoyachoma mamia ya masinagogi mengine nchini humo. Kisha utawala huo ukawatoza Wayahudi wa Ujerumani faini ya marki bilioni moja, kana kwamba wao ndio waliokosa. Huko Dresden, mzimamoto mmoja, Alfred Neugebauer, aliiokoa nyota ya Daudi iliyokuwa juu ya paa, akaificha wakati wote wa vita, na mwaka 1949 akairudisha kwa jumuiya.

Sinagogi jipya lilifunguliwa mahali pale pale tarehe 9 Novemba 2001, na nyota ile imewekwa juu ya mlango wake. Waliolibuni ni kampuni ya wasanifu Wandel Hoefer Lorch pamoja na Hirsch. Hawakujaribu kuiga jengo la Semper kana kwamba hakuna kilichotokea. Walijenga majumba mawili yanayotazamana. Moja ni la sala, la pili ni la jamii. Katikati wakaacha ua, na juu ya ardhi ya ua huo wakaonyesha alama ya mahali liliposimama sinagogi lililochomwa.

Tuyatazame majumba hayo kwa makini, kwa kuwa kila moja lina funzo. Jumba la sala ni mchemraba wa mawe ya rangi ya mchanga. Wayahudi husali wakielekea Yerusalemu, kama Waislamu wanavyoelekea kibla, na kiwanja hakikulala sawasawa upande wa mashariki. Basi wasanifu walipanga mawe tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likisogea kidogo kuliko lililo chini yake, hata jengo likajizungusha lenyewe na kuelekea mashariki. Ndani yake wamening'iniza pazia la nyuzi za chuma lenye kukumbusha hema la jangwani. Jumba la jamii, kwa upande wake, limefunguka kwa vioo kuelekea uani, na lina ukumbi wa mikutano na shughuli za jumuiya.

Je, kwa nini jumba la jamii lilihitajika kiasi hicho? Sababu iko wazi. Baada ya kuvunjika kwa Muungano wa Kisovieti mwaka 1991, zaidi ya Wayahudi na jamaa zao 200,000 walihamia Ujerumani kutoka nchi zilizokuwa chini ya muungano huo. Wengi walikuwa wamelelewa chini ya utawala uliopiga vita dini, hivyo hawakujua sala wala Kiebrania. Wengine hawakujua Kijerumani. Mtu wa namna hiyo hawezi kupewa kitabu cha sala na kuambiwa aketi. Anahitaji kwanza mahali pa kujifunza lugha, kuuliza habari za kazi na nyumba, na kunywa chai na wenzake. Sala hufuata baadaye, na pengine ni mwanawe atakayesali. Theodotos wa Yerusalemu angewatambua watu hawa papo hapo kuwa ni wale wageni aliowajengea vyumba na kuwatekea maji.

Ua wa Dresden unatenda kazi ambayo ukuta wa kukunjwa ulishindwa kuitenda. Unatenganisha na kuunganisha kwa wakati mmoja. Kelele za karamu hazifiki kwenye sala, lakini anayetoka kwenye sala hukutana na anayekwenda kwenye karamu. Fauka ya hayo, ua uliofunguka juu unafaa kwa Sikukuu ya Vibanda, ambayo sheria inataka kibanda chake kijengwe chini ya anga, si chini ya paa la nyumba. Wenyeji wa pwani yetu, waliojua thamani ya ua katikati ya nyumba za Lamu na Mombasa, hawahitaji kuelezwa sana habari hizi.

Hata hivyo, jengo la Dresden lina kasoro ambayo haifai kufichwa. Mpita njia anayelitazama kutoka barabarani huona ukuta mzito. Talmud inafundisha kwamba mtu asisali ila katika nyumba yenye madirisha, nayo inamtaja Danieli, aliyesali chumbani mwake madirisha yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu. Tukumbuke kuwa Danieli aliacha madirisha wazi huku akijua maadui wanamtazama. Sinagogi lisilo na dirisha ni rahisi kulilinda, lakini limeacha sehemu ya mafundisho yake nje.

Hapo ndipo mji wa Munich unapoongeza somo la pili. Sinagogi kuu la mji huo lilibomolewa mwezi wa Juni 1938 kwa amri ya Hitler, miezi kadhaa kabla ya moto wa Novemba. Wakati jiwe la msingi la kituo kipya lilipokuwa likingoja kuwekwa tarehe 9 Novemba 2003, polisi waligundua njama ya wafuasi wa Unazi ya kuilipua hafla hiyo. Kamati yoyote ingesamehewa kama ingeamua kujificha nyuma ya ukuta. Lakini kituo hicho, ambacho sinagogi lake lilifunguliwa tarehe 9 Novemba 2006, kina majengo matatu katikati ya mji: sinagogi, nyumba ya jamii yenye chekechea, shule na mkahawa, na jumba la makumbusho linalomilikiwa na mji. Kati ya majengo hayo, uwanja wa Jakobsplatz umebaki wa umma. Watu wa mji hupita na watoto hucheza. Sinagogi lenyewe lina msingi wa mawe mazito, na juu yake kuna kioo kinachopitisha mwanga. Kwa hiyo, uzito umewekwa chini anapofika mtu, na mwanga umewekwa juu.

Mpinzani atauliza: na Halle je? Tarehe 9 Oktoba 2019, Siku ya Upatanisho, mtu mwenye silaha alijaribu kuingia katika sinagogi la mji huo wa Ujerumani, ambamo watu zaidi ya 50 walikuwa wakisali. Nje hapakuwa na polisi wa zamu. Aliupiga mlango risasi, lakini mlango haukufunguka. Waliokuwa ndani wakapona. Kwa nini basi tusiseme kuwa mlango imara na ukuta mrefu ndio usanifu pekee unaofaa?

Hoja hiyo ni nzito, na hakuna mtu mwenye akili anayeweza kusema milango iwe dhaifu. Mlango wa Halle umehifadhiwa kuwa kumbukumbu, na ni haki yake. Lakini hadithi haikuishia mlangoni. Mshambuliaji aliposhindwa kuingia, alimwua mwanamke aliyekuwa akipita barabarani, kisha akamwua kijana mmoja katika duka la chakula lililokuwa karibu. Mlango uliwaokoa waliokuwa ndani. Haukuweza kuwaokoa waliokuwa nje. Chuki iliyowalenga Wayahudi iliwaua majirani zao. Basi usalama wa sinagogi ni usalama wa mtaa mzima, na mtaa hauwezi kuilinda nyumba usiyoijua.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Polisi wana wajibu wao, na serikali isiyowalinda raia wake katika ibada imeshindwa kazi. Lakini anayetambua kwanza kuwa kuna mtu asiyeeleweka anayezungukazunguka ni mwenye duka wa jirani, na mwalimu aliyewahi kuwapeleka wanafunzi wake humo ndiye anayeweza kuwakanusha wanaosema kuwa ndani ya nyumba ile kunafanyika mambo ya siri. Sisi tuna mfano wetu. Baada ya makanisa mawili kushambuliwa mjini Garissa tarehe 1 Julai 2012 na watu zaidi ya kumi kuuawa, viongozi wa Kiislamu walitangaza kwamba vijana wao wangesaidia kuyalinda makanisa. Ahadi kama hiyo hutolewa na watu wanaofahamiana.

Tena ukitaka kuona kituo cha jamii kilichojengwa na watu wasio na fedha nyingi, huna haja ya kupanda ndege kwenda Ulaya. Karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda, wanaishi Abayudaya, jamii iliyoshika dini ya Kiyahudi tangu mwaka 1919 chini ya uongozi wa Semei Kakungulu. Katika kilima cha Nabugoye, sinagogi lao jipya lilifunguliwa mwaka 2016. Shule ya upili inayobeba jina la Kakungulu huwafunza watoto wa Kiyahudi, wa Kikristo na wa Kiislamu pamoja. Huko, anayemjua Myahudi kwa sura na jina hana nafasi ya kuamini uvumi unaoenezwa juu yake.

Nairobi nayo ina sinagogi lake, katika makutano ya Uhuru Highway na University Way. Maelfu ya wanafunzi wa Chuo Kikuu hupita karibu nalo, na ni wachache miongoni mwao wanaojua kilichomo. Hilo si kosa la waumini, wala si kosa la wanafunzi. Nyakati zimewafundisha watu kuongeza ua na walinzi. Lakini ni hasara kwa pande zote mbili, kwa kuwa elimu ya dini za jirani haipatikani kwenye vitabu pekee.

Kwa hivyo, kamati yoyote inayokusudia kujenga sinagogi la kisasa, na kwa kweli hata kanisa au msikiti, yafaa ijiulize maswali machache kabla ya kumwita msanifu. Je, siku sita zisizo za ibada jengo litafanya kazi gani? Ukumbi wa sala utalindwaje dhidi ya kelele za kituo, na kituo kitalindwaje dhidi ya kugeuzwa ghala la viti? Jikoni pana nafasi ya kutosha kutenga vyombo vya nyama na vya maziwa kama sheria ya Kiyahudi inavyotaka, au wageni watapikiwa wapi? Mtoto anayesoma humo ataona mti na anga, au ataona ukuta? Na jirani asiye wa dini hiyo ana mlango upi wa kuingilia?

Marabi wa Talmud waliruhusu sinagogi ligeuzwe kuwa nyumba ya masomo, kwa kuwa waliona kwamba kufanya hivyo ni kulipandisha hadhi. Walimu wetu wangefaa kuitafakari hukumu hiyo. Jumuiya inayofungua madarasa kando ya ukumbi wake wa sala haijaishusha ibada yake hata kidogo. Wajenzi wa Pittsburgh wamechagua kuweka kituo cha elimu mahali palipomwagika damu. Uamuzi huo ni wa ujasiri, na ni wa busara pia. Ngome huwahifadhi walio ndani kwa muda tu, na haimpunguzi adui hata mmoja. Wahenga walituambia: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mlango na uwe imara, lakini uwe mlango, usiwe ukuta.